Farasi anayeogopa mashine ya kunyolea

Pole, ndugu yangu wa Usa River, uliyeuliza umnyoe vipi farasi anayeogopa mashine. Farasi anayerukaruka mashine ikiwashwa usimfunge nguzoni. Akivuta ataumia shingo. Mtu amshikie kamba, asimame upande uleule ulipo wewe. Washa ukiwa mbali, asikie. Kisha weka kiganja begani mwake na mashine juu ya mkono wako, bila kunyoa, azoee mtetemo. Akitulia tu, ondoa. Hapo ndipo anapojifunza. Vumbi la kiangazi lisugue kwanza litoke manyoyani, maana huziba meno ya mashine yakapata moto, na meno ya moto humrusha hata farasi mpole. Yaguse mara kwa mara. Kumbana mdomo wa juu kwa kamba husaidia dakika chache tu. Sikio usilikamate kabisa. Akikataa kunyolewa kichwani, mwite daktari wa mifugo amchome dawa ya kumtuliza.