Jirani wa beta: niliyojifunza kwa kumpoteza Sultani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimenunua samaki wa beta, mwekundu, mzuri sana, ila namwona kama ana upweke. Muuzaji ameniambia nimchukulie taigababi wanne wamchangamshe. Unashauri nini?"

Nilisoma neno hilo, taigababi, nikaiweka simu mezani. Sikumjibu usiku ule. Nilikwenda kukaa mbele ya tangi langu, nikamwangalia Fundi, beta wangu wa sasa, akizunguka kwenye majani yake, na nikamkumbuka Sultani, beta niliyempoteza. Miaka imepita lakini bado naumia, na najua wapo watakaosema ni samaki tu. Aliyewahi kukaa na beta anajua kwamba anakutambua. Ukisogea kwenye kioo anakuja mbio, ukikaa anakaa na wewe.

Sultani nilimnunua mwaka 2021, nilipokuwa nimehamia Tabata kwenye chumba changu cha kwanza cha kupanga peke yangu. Alikuwa wa buluu ya giza, mapezi yake marefu yakifunguka kama khanga iliyoanikwa kwenye upepo. Miezi minne aliishi peke yake kwenye tangi la lita 30 na hakuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa langu. Nilikuwa natoka kazini jioni, nyumba kimya, na upweke wangu nikamvika yeye. Nikaenda duka moja mjini, nikamwambia mwenye duka nina beta, nataka wenzake. Akanionyesha samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari minne myeusi, wachangamfu kweli. "Hawa wanakaa naye bila shida, dada." Nikalipa wanne.

Usiku wa kwanza nilifurahi. Walikuwa wakikimbizana huku na huku, tangi limejaa uhai. Siku ya pili niliona ncha ya mkia wa Sultani imepungua, nikajiambia labda amejikwaruza kwenye jiwe. Siku ya tatu nilirudi kazini nikamkuta amejibanza nyuma ya filta ya kusafisha maji, pezi la mgongoni limebaki kama kitambaa kilicholiwa na panya. Nikakaa kuangalia. Mmoja alikuja kwa nyuma, akamdonoa mkia, akakimbia. Sultani akageuka amfukuze, lakini mapezi yale marefu ni mzigo, hawezi kumkimbiza mtu. Wakati anageuka, wa pili akamdonoa upande wa pili.

Niliwatoa usiku uleule nikawaweka kwenye ndoo. Nilikuwa nimechelewa. Mapezi yalianza kuoza kuanzia kwenye ncha, yakawa na ukingo mweupe, na siku ya kumi na moja nikamkuta chini, ubavu. Nilirudi dukani. Sikudai pesa, nilitaka tu yule mtu ajue kilichotokea ili asimwambie mwingine. Alinicheka. "Samaki ni samaki tu, dada, chukua mwingine." Maneno yale sijayasahau, na nikiri kwamba ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma, kuuliza na kuandika juu ya samaki hawa.

Baadaye nilijifunza kwamba wale wa mistari minne ndio taigababi, na taigababi ni samaki wa kundi. Wakiwa wachache, ile kashkash yao wanaimalizia kwa jirani, na jirani mwenye mapezi marefu na mwendo wa polepole ndiye wa kwanza kuliwa. Wanne kwenye lita 30 pamoja na beta ni hukumu ya kifo. Mimi ndiye niliyeisaini, kwa kutojua.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, marahaba, na jibu langu la kwanza ni hili: beta wako hana upweke. Kwao Thailand, ambako mwaka 2019 serikali ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini, dume hukaa kwenye maji ya kina kifupi, kwenye mashamba ya mpunga na vinamasi vyenye majani mengi, na sehemu yake anailinda dhidi ya dume mwenzake. Wasiam, yaani watu wa Thailand ya zamani, walimzalisha vizazi kwa vizazi wakichagua wale wanaopigana zaidi. Huwezi kumwekea dume mwingine. Jike naye usimwachie humo, maana nje ya siku za kuzaliana anafukuzwa kama adui mwingine yeyote. Ukimwacha beta peke yake kwenye tangi zuri, hujamnyima chochote.

Kama bado unataka majirani, na mimi nilitaka, basi tafuta jirani mpole. Usianze na rangi. Jiulize: anadonoa? Anafanana na beta? Anagombea sehemu ileile ya maji? Akiwa na moja kati ya hayo, mwache dukani.

Kufanana ndiko kunakowaponza wengi, na kuliniponza mimi mara ya pili. Baada ya Sultani nilimpata beta mwingine, mweupe, nikamwekea gapi watatu, madume yenye mikia mipana ya rangi rangi. Sikujua kwamba beta akiona mkia mpana unaong'aa anaona dume mwenzake. Safari hii beta ndiye aliyeua. Ndani ya siku mbili gapi wawili walikuwa wamekufa, wa tatu nikampeleka kwa jirani yangu. Gurami pia waache, ni wa ukoo mmoja na beta, na ugomvi wa ndugu mnaujua.

Goldifishi hapana. Anachafua maji sana, anakua mkubwa, na anapenda maji ya baridi zaidi kuliko beta, ambaye anataka nyuzi 24 hadi 28. Kuna rafiki yangu wa Kyela aliyetaka kuniletea mbuna wa Ziwa Nyasa, wa buluu na njano, wazuri mno. Nilimshukuru nikakataa. Mbuna wamezoea maji magumu ya ziwani na ni wakali kwenye miamba yao, wangemmaliza beta kabla sijamaliza kuwapiga picha. Na wapo wanaoniuliza kuhusu wale samaki wadogo wa Unguja wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu, ambao mayai yao hukaa kwenye tope kavu mpaka mvua irudi. Ni fahari yetu, Wazungu wanawafuga kwa mapenzi makubwa, lakini dume lao lina rangi kali na hasira zake. Mpe tangi lake.

Sasa niwaeleze kilichofanikiwa, maana mwezi huu Fundi ametimiza miaka miwili na majirani zake na sijapoteza hata mmoja kwa ugomvi. Naona fahari, sifichi.

Tangi langu lina sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Zidisha, gawa kwa 1000, unapata lita 63. Chini ya lita 40 mimi sishauri jirani yeyote zaidi ya konokono. Humo ndani, kabla ya Fundi, niliweka koridorasi sita, kwa kifupi kori. Kori ni samaki wa Amerika ya Kusini, ana masharubu kama kambale mdogo, anatembea chini siku nzima akipekua mchanga. Hana habari na mtu wa juu. Beta anakaa juu, kori anakaa chini, kila mtu na ghorofa yake.

Lakini sababu kubwa ya kumpenda kori ni umeme. Sisi tunaoishi Dar tunajua: filta inazima saa tatu usiku, inarudi alfajiri. Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana unamwona anapanda kila baada ya muda. Kori naye anapanda, anameza hewa, na utumbo wake unaichukua. Usiku umeme ukikatika kwa muda mrefu, hawa wawili wana njia ya akiba. Samaki wadogo wa makundi hawana. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na rasbora wanane, wale wenye alama nyeusi ya pembetatu ubavuni, wapole kabisa na beta, hawakuwahi kugombana. Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika kwa saa saba nzima, joto kali, asubuhi nikakuta watano wamekufa. Ukiwataka rasbora, na ni chaguo zuri, nunua kwanza pampu ya hewa ya betri. Usinunue samaki kabla ya pampu.

Kori wenyewe si wa aina moja. Yule mwenye madoadoa anayeitwa paleatus hupenda maji ya ubaridi, kwa joto la Dar mimi namwonea huruma. Nilichukua sterbai, ambaye anavumilia joto. Chini weka mchanga laini wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, kokoto kali zinamla masharubu. Mchanga wa baharini usichukue, una vipande vya makombe vinavyobadilisha maji. Na usimnunue kori mmoja au wawili. Sita. Akiwa peke yake anajificha tu na hutamwona.

Konokono ni jirani mwingine wa kuaminika. Yule mwenye mistari kama punda milia anatoka kwenye mikoko ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, anakula ukoga kwenye kioo, na hajazi tangi watoto kwa sababu vifaranga vyake vinahitaji maji ya chumvichumvi ili vikue. Huacha vijiyai vyeupe kwenye magogo, vinakera macho, ndiyo basi. Uduvi wekundu nilijaribu. Niliweka kumi, siku ya tatu hakuna hata mmoja. Nina msomaji wa Mombasa ambaye beta wake anaishi na uduvi ishirini na hawagusi. Ndiyo maana nasema, kila beta ana tabia yake. Ushauri wangu wote unaweza kushindwa na samaki mmoja mwenye roho mbaya.

Habari ya kuandaa maji sitairefusha, nimeshaiandika mara nyingi: tangi jipya liache lijijenge wiki nne hadi sita kabla ya kujaza watu, la sivyo amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, itawaua wote, mpole na mkali. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo siku nzima au tia dawa ya kuondoa klorini. Nami naongeza jani moja kavu la mti wa mkungu, lile lililodondoka lenyewe, nimeliosha. Maji yanageuka rangi ya chai ya rangi na beta anatulia. Wenzetu wa nje wanayanunua majani hayo kwenye pakiti, sisi yanatuangukia barabarani. Ila usiokote chini ya mti ulio kando ya gereji.

Watangulize majirani, beta aingie mwisho. Akikuta watu wameshakaa, anakuja kama mgeni. Wakimkuta yeye, anakuwa mwenye nyumba. Kama tayari yumo, mhamishie kwenye chombo kingine, badilisha mpangilio wa majani na magogo, ingiza majirani, kisha mrudishe jioni taa zikiwa zimezimwa. Kabla ya hapo wageni wakae peke yao wiki mbili hadi nne, maana magonjwa ya dukani yanakuja nao.

Chakula: beta apewe juu, kidogo, asubuhi na jioni. Vidonge vya kori vinavyozama tia usiku baada ya kuzima taa. Fundi aliwahi kuiba vidonge vya kori siku tatu mfululizo, akavimba tumbo akashindwa kuogelea sawasawa. Nilimnyima chakula siku mbili akapona.

Na ndoo. Jamani, ndoo. Kabla hujaingiza samaki yeyote na beta, uwe na chombo cha pili chenye maji tayari. Siku ya kwanza kaa uangalie, usiende kwenye harusi. Akitanua mashavu mara moja na kuondoka, si kitu, anajitambulisha. Akimfuata mwenzake kona hadi kona, au ukiona pezi limepungua hata kidogo, tenganisha saa ileile. Usisubiri asubuhi. Mimi nilisubiri siku nzima nikijiambia ni jiwe.

Mnisamehe nikisema kwa ukali. Unapomfungia kiumbe kwenye kioo, umemwondolea uwezo wa kukimbia. Porini, Sultani angeondoka. Kwangu hakuwa na pa kwenda, alikuwa na nyuma ya filta tu. Wauzaji watakwambia wanachotaka kuuza, na wengine hawajui, lakini samaki hafi mikononi mwao, anafia kwako. Uliza watu watatu kabla ya kulipa. Soma.

Yule kijana nilimjibu asubuhi. Nilimwambia asirudi dukani bado, anitumie kwanza urefu, upana na kina cha tangi lake kwa sentimita, pamoja na picha ya chini kuna nini. Jana akanitumia: 40 kwa 25 kwa 28, kokoto nyeusi. Ni lita 28. Nimemwandikia: konokono mmoja, mdogo wangu, na jani la mkungu.