Nimerudi Mombasa salama, mbona nawachukia watu wangu?

Shikamoo Somo,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mtaalamu wa lishe, na kwetu ni Tudor. Nimerudi majuzi kutoka Bentiu, Sudan Kusini, nilikojitolea mwaka mmoja na nusu katika kliniki ya watoto wenye utapiamlo. Sijamaliza mwezi nyumbani ikaja harusi ya binamu yangu. Masinia ya biriani yakatoka, tukala watu watano kwa sinia, na tulipoinuka nikaona wali na minofu ya nyama inakombwa na kutiwa kwenye mifuko myeusi ya taka. Nikamfokea shangazi yangu, dada yake baba, mbele ya wageni. Nikamwambia ana roho ya jiwe, nikatoka nikilia. Tangu siku hiyo hapigi simu kwetu.

Mama alidhani nimepatwa na kitu, akanipeleka kwa mwalimu nikasomewa na nikanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Kaka yangu akiosha gari kwa mpira wa maji natetemeka. Marafiki wakizungumza bei za magauni mimi nanyamaza. Usiku naamka saa nane nikidhani nasikia mama analia nje. Kule nilikuwa na furaha, Somo. Watu hawana kitu lakini wana utu. Nilialikwa harusi ndani ya kambi, wakacheza mpaka nikachoka mimi. Huku nawaona watu wangu wachoyo. Shirika limenipa nafasi ya kurudi mwaka mwingine, lataka jibu mwisho wa mwezi. Niende? Au kweli nina wazimu?

Mgeni kwao, Tudor

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Wazimu huna. Na usimkasirikie mamako kwa kombe. Ameona mtoto wake anatetemeka mbele ya mpira wa maji, akakimbilia dawa anayoijua. Zafarani na maji ya waridi hayajamuua mtu. (Ila nimecheka kidogo. Ni Tudor ipi hiyo yenye maji ya bomba ya kuchezea? Maji ya Mombasa yatoka mbali, mengine mpaka chemchemi ya Mzima kule Tsavo, na mtaani kwangu hayafiki. Twanunua kwa mtungi wa lita 20 na kijana wa mkokoteni ndiye mwenye bei.)

Hayo yaliyokupata yana historia. Mwaka 1955 mwanasosiolojia wa Norway, Sverre Lysgaard, aliandika juu ya Wanorway waliokwenda Marekani kwa masomo. Aliona mioyo yao ikianza juu, ikashuka, kisha ikapanda tena, mfano wa herufi U. Mwaka 1963 Wamarekani wawili, John na Jeanne Gullahorn, wakaongeza sehemu ya pili: mtu akirudi kwao hushuka upya kabla ya kupanda, U mbili zikaungana zikawa W. Watafiti waliofuata hawakuona kila mtu akipita njia hiyo, kwa hivyo usiichukue kama ratiba ya gari moshi. Ninachotaka ukione ni kwamba ulipokwenda Bentiu ulijitayarisha kushangaa. Ulichanjwa, ukapewa semina, ukaambiwa kutakuwa na joto na matope. Uliporudi hakuna aliyekupa semina. Wewe mwenyewe ulidhani warudi palepale ulipopaacha.

Tuje kwenye sinia.

Mwaka mmoja na nusu umeshika zile pakiti za njugu za kutibu utapiamlo, gramu 92 kila moja, zenye maziwa na sukari na vitamini, kalori 500. Kwako wewe pakiti moja ilikuwa hesabu: mtoto huyu ngapi kwa siku, mama yule ana zilizobaki nyumbani ngapi, nani amegawa zake kwa watoto wengine. Umeshika ule utepe wa kupimia mkono na kusoma rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na nyekundu haingoji kesho. Jicho lililofanya kazi hiyo haliwezi kuketi kwenye busati la harusi likaona biriani ni biriani. Lazima lihesabu. Nina hakika ulipokuwa ukila ulikuwa pia ukitazama mikono ya watoto wa watu pale, bila kujua kwamba watazama. Na kwa kile ulichokiona mwishoni hukukosea: chakula kilitupwa, na kutupa ni israfu. Hilo hata shangazi yako alijua kabla hujazaliwa.

Lakini fikiri pia kilicho kichwani mwa mwanamke wa Mombasa anaposimamia chakula cha harusi. Hofu yake ni moja tu, nayo ni kwamba sinia lifike tupu mbele ya mgeni. Hapa kwetu watu watasahau bibi harusi alivaa rangi gani, lakini wakirudi na njaa watalisimulia hilo mpaka wajukuu. Ndiyo maana hupikwa cha watu mia tano wakija mia tatu. Shangazi ni dada yake baba, ndiye mwenye neno katika harusi hiyo, na yamkini hakulala tangu usiku wa masufuria. Wewe ukamwambia ana roho ya jiwe mahali pale pale alipokuwa akionyesha ukarimu wake, na mbele ya wakweze. Ungemtukana jikoni angekutandika mwiko na mambo yakaisha.

Sasa nitakuambia usilolipenda. Umealikwa harusi Bentiu, ukaona watu waliokimbia vita tangu Desemba 2013, kisha mafuriko ya 2021 yakawazunguka mpaka wakaishi nyuma ya maboma ya udongo, na bado wanacheza. Ukaita huo utu. Umerudi Mombasa ukaona harusi nyingine, watu nao wana madeni yao na kodi za nyumba, ukaita uchoyo. Mbona kipimo kimebadilika? Wanuer, wenyeji wa huko Bentiu, huoza binti zao kwa mahari ya ng'ombe, wewe wajua kunishinda, na mwenye ng'ombe wengi hapendi wahesabiwe wachache siku hiyo. Kama mama mmoja wa kliniki yako angekaa nawe kwenye lile busati, nadhani angekula akashiba, akamsifu mpishi, kisha akashangaa kwa nini wewe walia.

Hilo la "hawana kitu lakini wana utu" nalisikia sana kwa wanaorudi safari kama zako, na lanikera. Watu wa kambini wana utu, na pia wana wivu, wana wezi, wana wakwe wasiopatana. Hukuyaona yote kwa sababu ulikuwa na kitambulisho shingoni na kitanda ndani ya ua la shirika, na siku ya kuondoka ilijulikana. Watu wakakuonyesha uso mzuri, jambo ambalo ni adabu yao. Kwenu Tudor wajua nani anamdai nani. Hapo huwezi kushindanisha.

Nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta kitu kimoja: ni nani anayekungoja asubuhi? Sikumwona. Kule kina mama walikuwa wamekaa foleni kabla hujanywa chai. Uliamua nani alazwe na nani aende na pakiti zake, na mtoto aliyeingia hawezi kushika kichwa ukamwona baada ya wiki chache anavuta utepe mkononi mwako. Kisha ukapanda ndege, na sasa saa mbili asubuhi uko kitandani na simu. Mimi naona umefiwa na kazi hiyo, na kilio chake hakuna aliyekuja kukaa matanga. Hasira unayomwagia mwenye gauni na mwenye mpira wa maji naona yatoka huko.

Kwa hivyo anza na usiku. Kuamka ukisikia vilio kukizidi wiki kadhaa, au ukianza kuogopa kulala, usikubali kuambiwa utazoea. Liandikie shirika uulize ushauri nasaha kwa wanaorudi. Mengi huwa nao, lakini hawakupigii simu wao. Likikaa kimya, kliniki ya afya ya akili ipo hospitali ya Port Reitz, na mtu asikutishe na jina. Na homa ikikushika isikatike, mwambie daktari umetoka Bentiu, jimbo la Unity, kwa sababu kule kuna kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoleta homa isiyokatika, na hapa Mombasa huenda asiifikirie, atakutibu malaria mara tatu.

Watu wakikuuliza habari za safari, wengi wataka jibu la dakika moja. Si ubaya, ndivyo salamu zilivyo. Liweke tayari: kazi ilikuwa nyingi, watu wazuri, alhamdulillahi. Masimulizi marefu mchagulie mtu mmoja, nami ningemchagua mamako. Mwonyeshe utepe wenyewe, mfungie mkononi mwa mtoto wa jirani aone kijani, kisha umwonyeshe nyekundu ilipo. Ataelewa kwa nini ulilia kuliko ukimpa hotuba. Kisha umuulize yeye. Katika barua yako yote hakuna sentensi inayosema mama alipitia nini miezi hiyo kumi na minane akisikia Sudan Kusini kwenye redio.

Shangazi mwendee Ijumaa baada ya alasiri, peke yako, bila picha za simu. Usimweleze mambo ya njaa. Mwambie, "Shangazi, nilikuvunjia heshima mbele ya watu, naomba radhi," kisha nyamaza, acha akuseme. Atakusema. Harusi ijayo ikikaribia, na kwenu naona hazikauki, muombe kazi ya mabaki. Kilichobaki kwenye sufuria hakijaguswa kifunikwe mapema na kiondoke mchana huohuo, maana biriani na joto la Mombasa havisubiriani. Tafuta kabla ya siku nani atakipokea, madrasa au nyumba za jirani zenye watoto. Cha kwenye sinia kilichoguswa kwa mikono hakigawiwi, hicho ni cha kuku. Shangazi akiombwa hivyo jikoni, wiki moja kabla, sioni atakataa kwa nini.

Na kazi yako. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 uliikuta Kilifi na watoto 37 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Taifa zima ni 18. Hapo ni kuvuka daraja la Mtwapa kwa matatu. Kudumaa hupimwa kwa urefu na umri, utepe wako hautoshi, na hakuna atakayepiga picha, kwa kuwa mtoto aliyedumaa hucheza na kucheka kama wenzake. Ni kazi ya polepole na yaweza kukuchosha kuliko ya kambini. Kuna kampeni ya Malezi Bora kila Mei na Novemba, matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na wahudumu wa jamii huwa hawatoshi. Nenda ukasaidie msimu mmoja. Usifike ukiwafundisha siku ya kwanza jinsi mambo yalivyofanywa Bentiu.

Kuhusu mkataba, mwisho wa mwezi ni mapema mno. Leo ukisaini utakuwa unamkimbia shangazi. Waandikie uombe miezi mitatu. Wakikataa, washukuru uwaache, hawatakosa mtu na wewe hutakosa nafasi nyingine. Wakikubali, na baada ya miezi hiyo bado wataka kwenda, nenda mwanangu, kazi hiyo unaiweza. Ila safari hii soma kifungu cha likizo na kile cha msaada baada ya kurudi kabla ya kutia sahihi, maana huo wa kwanza naona hukuuliza.