Jibu: Dubu wa kuchezea wa mtoto kachanika kwapani, pamba inatoka

Dada, kwapani humo usihangaike kumpeleka kwa fundi wa Ngamiani, Tanga, cherehani haiingii vizuri. Tumia uzi wa polista wa rangi ya manyoya, uukunje mara mbili, fundo ulifiche ndani. Kingo zikunje ndani kidogo. Chota nyuzi chache upande huu, vuka mkabala uchote upande wa pili, kama vidato vya ngazi. Mishono minne mitano ndipo uvute taratibu: tundu linafunga na uzi hauonekani. Manyoya yaliyonaswa yachomoe kwa ncha ya sindano.

Pamba ya kuongezea toa kwenye mto mkuukuu, ila si wa sufi. Ukimfua dubu, sufi itagandamana. Jicho likilegea na mtoto bado anatia vitu mdomoni, ling'oe kabisa, utarizi jingine kwa uzi mweusi.