Kumkumbuka baba aliyeishi kati ya karakana na pori

Wasifu wa marehemu unaosomwa msibani tunaujua sote. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Baba yangu alikuwa fundi chuma wa reli pale Tabora, na likizo zake zote alizimalizia porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Wasifu wa aina ile ungetaja ajira yake na kumwacha yeye nje.

Kwa hiyo, kama na wewe una mzee wa namna hii, awe hai au ametangulia, ushauri wangu ni huu: andika alivyofanya vitu, sifa ziweke kando. Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, kila marehemu hupewa maneno hayo, hata yule ambaye majirani walikuwa wakimkwepa njiani. Lakini nikikwambia kwamba baba alitundika mizinga yake kwa waya, na kila waya ukapitishwa katikati ya kopo lililojaa oili chafu ya karakana ili siafu wasiweze kushuka, umeshamjua kidogo. Nikiongeza kwamba shina la mti alilizungushia bati ili kucha za nyegere ziteleze, umemjua zaidi. Nyegere ni mnyama mkaidi, haogopi kuumwa na nyuki, na kumshinda kwa bati kuukuu lilikuwa jambo ambalo mzee alilisimulia mpaka wageni wanaaga.

Hapo unaingia pia ukweli wa mahali. Unyamwezini watu wamerina asali tangu zamani kwa mizinga ya magogo na ya magome. Mzinga wa gome ni mwepesi na hutengenezwa haraka, ila mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa, na mara nyingi mti wenyewe ni myombo au mtundu, ambao maua yake ndiyo chakula cha nyuki. Baba aliliona hilo akaachana na magome, akahamia kwenye mizinga ya masanduku. Juu ya sanduku hupangwa vipande vya mbao, nyuki hujenga sega chini ya kila kipande. Upana wa vipande hivyo ukiukosea, nyuki huunganisha masega, na ukiinua kimoja unavunja vitatu. Kwa nyuki wetu upana unaofaa ni milimita 32. Wa Ulaya ni wakubwa kidogo, wao hutaka kama 35. Mzee hakuiamini rula ya seremala. Alikata kipande cha chuma cha milimita 32 kamili, akakitoboa tundu na kukivaa kwa kamba shingoni akiwa kazini. Ninacho. Picha yake akiwa na suti kwenye harusi ya shangazi ni nzuri, lakini ndani ya picha ile hayumo.

Sasa vifaa. Baada ya matanga ndugu hugawana nguo, na nyundo, patasi na koleo huondoka siku hiyohiyo pamoja na makoti. Sisemi msigawe. Ila kabla ya kugawa, waiteni mafundi wenzake na wale aliopiga nao kambi porini, mmoja mmoja ashike kifaa anachokifahamu, na mtu arekodi kwa simu anachosema. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana mtapewa hotuba. Waulize hiki kilikuwa cha nini, kwa nini mpini umepinda, nani alimtengenezea. Na msisafishe kitu kabla ya hapo. Alama ya mkasi kwenye mpini au doa la nta kwenye bomba la kuwafukizia nyuki moshi ndivyo vinavyowakumbusha wazee kisa.

Pori lina haraka yake, kwa sababu mizinga haina anwani. Warinaji wengi huweka chapa yao kwenye mzinga, na wenzao huiheshimu, lakini njia ya kuufikia huwa kichwani mwa mwenyewe tu. Baba yako akiwa bado ana miguu, nenda naye msimu huu. Kwa upande wa Tabora asali nyingi hupatikana kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, baada ya maua ya mti wa muba, na tena kuelekea mwisho wa mwaka, mtundu ukishachanua. Akiwa ameshatangulia, nenda na wenzake wa kambi. Usiende peke yako kwa kudhani damu ya mrinaji itakulinda; nyuki hawajui ukoo. Ukiwa huko piga alama ya mahali kwenye simu, andika na jina ambalo wao wanapaita. Hili lina faida nyingine isiyohusu machozi: mizinga ni mali, na msimamizi wa mirathi anapaswa kuijua kama anavyojua shamba na baiskeli. Nimeona familia ikivutana miezi juu ya runinga, huku mizinga ya mzee wao inaoza msituni na hakuna aliyeitaja.

Kuhusu simu yake, usisubiri. Laini isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine. Sauti alizokutumia kwa WhatsApp zihamishie mahali pengine, kwenye kompyuta au kadi, na nakala nyingine mpe ndugu aitunze. Zile za kawaida kabisa ndizo tunazozisikiliza sisi: mzee akiuliza bei ya misumari, mzee akilalamika kwamba mvua imekuja kabla hajaezeka banda.

Jambo la mwisho, na hapa najua wengine hawatanipenda: andika na yaliyoshindikana. Alitengeneza mashine ya kubangua karanga kwa fremu ya baiskeli, nayo ilirusha karanga hadi uwanja wa jirani, kuku wa pale wakanenepa. Chombo chake cha kuyeyushia nta kwa jua kilifanya kazi vizuri sana, kioo juu na sinia chini, isipokuwa kioo alikitoa dirishani na sinia lilikuwa la mahari ya mama. Nilipomsomea mama rasimu ya kumbukumbu zetu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na sinia langu je? Nalo liandike.” Nikaliandika. Tangu hapo kila anayesoma huanza kucheka pale, kisha anaongeza kisa chake mwenyewe, na daftari limezidi kunenepa kwa njia hiyo.

Kuna kifaa kimoja bado kinatusumbua, springi mbili, mnyororo wa baiskeli na ndoano. Baba mdogo anaapa ulikuwa mtego wa nyegere. Fundi mwenzake wa reli anasema ni jeki ya kunyooshea waya. Mama anasema kilikuwa kisingizio cha kwenda karakana siku za palizi. Kwenye lebo tumeandika majibu yote matatu.