Kabla ya ukuta, shughulikieni maji

Ndugu, umesema kwamba mlimani, juu ya barabara yenu ya vumbi huko Usambara, pametokea ufa tangu masika, na kijiji kinachangishana kujenga ukuta wa mawe. Msinunue saruji kwanza.

Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa. Pima kwa futikamba kila Jumapili, andika kwenye daftari pamoja na siku za mvua. Nafasi ikiongezeka hata jua likiwaka, mlima unatembea: fungeni njia, mpelekeeni mhandisi wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, lile daftari. Namba humnyanyua mtu kitini kuliko malalamiko. Kagueni pia chini ya ufa kama kuna chemchemi mpya au nguzo zilizoinama.

Huku mkisubiri, zibeni ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu yake, penye ardhi ngumu, chimbeni mtaro upeleke maji korongoni. Usakafiwe, la sivyo utayanywesha mlima maji yale yale mnayoyakimbia. Kalavati zizibuliwe kabla ya vuli.

Ukuta ukijengwa, uwe na matundu ya kutolea maji, au tumieni gabioni, zile kreti za waya zenye mawe. Niliwahi kuona ukuta wa saruji, mpya kabisa, umelala kifudifudi barabarani. Nyuma yake tope tupu, tundu hata moja hakuna.

Na anayechimba kifusi chini ya mteremko aache leo. Anaukata mlima miguu.