Jibu: Watoto 40, beseni moja na kuharisha kusikoisha

Dada mleta uzi, umesema kituo chenu cha kulelea watoto kina watoto 40 wa miaka mitatu hadi mitano, sabuni ipo, walezi watatu wanawanawisha kwenye beseni moja na kuwafuta kwa taulo moja kabla ya uji wa saa nne, na bado kila wiki wawili watatu wanaharisha. Wengi hapo juu wamekushauri uongeze mafundisho na mabango ukutani. Mimi naona mafundisho yanatosha. Angalia beseni.

Beseni moja likipita watoto kumi, wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia. Kazi kubwa ya sabuni ni kubandua uchafu na vijidudu kwenye ngozi ili maji yaviondoe. Maji yasipotiririka, havina pa kwenda. Ile taulo moja ya mlangoni inamalizia kazi. Halafu kuna foleni. Mtoto anayenawa sawasawa anatumia kama sekunde 40 kuanzia kulowesha hadi kusuuza. Watoto 40 kwenye bomba moja ni karibu nusu saa, uji unapoa, mlezi anaanza "haya haya, twende", na mtoto anajifunza kwamba kunawa ni kugusa maji basi.

Tengeneza vibuyu chirizi vinne (madumu yanayoning'inizwa, yanayoinama na kuchuruza maji ukikanyaga fimbo), na watoto wote watamaliza kunawa kwa dakika saba hivi. Kila kimoja kinataka dumu la lita 5 la mafuta ya kula, lioshwe vizuri. Toboa tundu moja kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, sm 12 chini ya mfuniko, upande usio na mkono. Msumari mnene utamaliza maji kabla foleni haijafika katikati. Simika nguzo mbili zenye panda, urefu mita 1.3, sm 50 zikiwa zimefukiwa, ziachane sm 70. Mti wa kupitisha kwenye mkono wa dumu ukae kama sm 75 kutoka chini. Wengi hukosea hapa: wanapima kwa kimo cha mlezi, mtoto ananyanyua mikono, maji yanateremka hadi kwapani, na kesho hataki tena. Kamba itoke kwenye mfuniko hadi kwenye fimbo ya kukanyagia, ncha yake iwe juu sm 15. Chini chimba kishimo cha sm 40 kwa 40, kina sm 10, ujaze kokoto, la sivyo utapata tope na mbu.

Maji yasipite usawa wa tundu, yatavuja yenyewe. Maana yake dumu la lita 5 linabeba kama lita 3 tu, za kutosha watoto 15 hivi. Sabuni ya mche ikate vipande, kila kipande kitie kwenye wavu wa vitunguu na kukifunga kwenye nguzo chini ya kibati. Mvua inayeyusha, na kama uko Dar au Zanzibar, kunguru wanaiba sabuni mchana kweupe.

Viwili viwe hatua chache kutoka choo, viwili karibu na mkeka wa kulia; kabla ya uji vyote vinne vitumike. Uji uwe umeshamiminwa vikombeni ndipo wanawe. Wakinawa kisha wakasubiri, wanarudi mchangani. Na mlezi anawe nao, wamwone.

Kuhusu ule ushauri wa mtoto kuhesabu hadi ishirini anaponawa: mtoto wa miaka mitatu huhesabu mbio na kuiruka kumi na tano. Afadhali mlezi ataje sehemu, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, dole gumba, kucha, na kila moja wasugue kwa hesabu nne za polepole. Kukausha, wapunge mikono. Mkitaka vitambaa, kila mtoto awe na chake na msumari wake, kikiwa na alama ya picha (samaki, ndizi, ufunguo) kwa sababu jina hawezi kulisoma.

Meza na poti: osha kwanza kwa sabuni na maji, uchafu ukibaki unaimaliza nguvu jiki. Kisha jiki yenye klorini asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita moja ya maji, iache dakika 10. Changanya mpya kila siku, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo. Hutoa hewa ya sumu. Anayebadilisha nepi siku hiyo asigawe chakula. Aliyeharisha akae nyumbani hadi siku mbili zipite tangu kukoma, hata mzazi akinung'unika.

Mswaki ulioulizia mwishoni: ndiyo, baada ya uji inawezekana. Dawa yenye floraidi, ukubwa wa punje ya njegere kwa watoto wa umri huo, na aipake mlezi. Miswaki isimame bila kugusana.

Kujua kama tabia imeshika, usiwaulize watoto, watakujibu wimbo. Jaza vile viwili vya chooni asubuhi, vifungue kabla hawajanawa kwa ajili ya uji. Kama maji hayajapungua, wanakwenda choo na kurudi hivihivi, kwa hiyo mlezi wa zamu ahame kutoka jikoni akae mlangoni pa choo, wiki mbili mfululizo.