Jibu: pantalo kanisani

Dada, unauliza kama binti akivaa pantalo (suruali) kanisani ni zambi. Mimi minaona hapana. Kwa Wagalatia 5 Paulo anasema tuliitwa tukuwe huru, lakini ule uhuru ni wa kutumikiana kwa upendo.

Mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotoka tukakimbia na miguu kutoka Goma mpaka Sake, karibu kilometa 25, muzee mumoja wa kanisa, ule mwenye anakaripiaka mabinti kila siku ya Mungu juu ya nguo, akafunga parsele (kiwanja) yake eti nafasi hakuna, tukalala kwa mama wa kuuzisha kasiksi, pombe ya ndizi (banamuitaka mupagani!), akapikia batoto yetu sombe (majani ya muhogo) na akatupatia mukeka. Soma Matayo 23:23, Bafarisayo zaka ya mnanaa balilipa, rehema balisahau. Binti avae pantalo yake.